Satelaiti mpya ifunguliwe lini?

Vijana wa redio ya ridhaa (wanaowasiliana kwa redio kama burudani) hapa Lubumbashi wana nung'uniko moja kila satelaiti mpya ya kurusha sauti za wanaredio inaporushwa: imefika salama, mlio wake tunaupata, mbona tunakatazwa kuitumia? Walioiunda hujibu kwamba bado wanaipima. Pande zote mbili zina hoja, ila uzito haulingani.

Satelaiti ndogo ya mchemraba ikishaachiwa na roketi, kanuni zinaitaka ikae kimya dakika 45. Baada ya hapo telemetria, yaani data za hali ya chombo, huanza kushuka: volti za betri, joto la paneli, hali ya kisambazaji. Mtu aliyesimama uani Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, ana kipokezi cha USB na antena ya vipande vya mita ya seremala, ataona ishara ikipanda na kufifia, ikipanda na kufifia, maana chombo bado kinapinduka huko juu. Kwenye megahezi 435 itaanza karibu kilohezi 10 juu ya masafa yake na kuishia chini kwa kiasi hicho hicho, kwa kuwa chombo kinakuja mbio kisha kinaondoka. Sasa watu hamsini wa Ulaya wabonyeze maikrofoni kwa mpigo, na satelaiti itumie umeme wake kurudisha sauti zao. Betri ikishuka, mhandisi atajuaje kama ni hitilafu au ni mazungumzo?

Na siku za mwanzo ni za hatari kweli. AO-40, satelaiti ya wanaredio, ilirushwa Novemba 2000. Tarehe 13 Desemba ikanyamaza wakati mfumo wa injini yake ukishughulikiwa, ikasikika tena siku ya Noeli, baadhi ya mitambo ikiwa imeharibika.

Lakini kusubiri kuna gharama, na gharama hiyo inategemea umri wa chombo. Es'hail-2, satelaiti ya Qatar yenye sehemu ya wanaredio, ilipaa 15 Novemba 2018, wanaredio wakafunguliwa 14 Februari 2019. Huonekana imesimama mahali pamoja angani, karibu nyuzi 26 mashariki, yaani karibu na longitudo yetu, na ilijengwa idumu zaidi ya miaka 15. Miezi mitatu si kitu. Kisatelaiti kinachoachiwa kutoka kituo cha anga cha kimataifa huweza kuanguka baada ya mwaka hivi. Kinapita juu yetu dakika kumi, mara nyingine usiku wa manane, mara nyingine umeme umekatwa. Hapo miezi mitatu ni robo ya maisha yake.

Tena ukamilifu wenyewe huenda usifike. Fox-1E, kisatelaiti cha wanaredio, ilirushwa 17 Januari 2021 na mwanzoni haikusikika kabisa. Wenye vifaa makini waliipata ikiwa dhaifu mno. Hata hivyo ilifunguliwa kwa jina la AO-109, na watu wakawasiliana kupitia humo. Wangengoja ipone, wangengoja mpaka leo.

Mimi nasema njia ya kupandisha mawimbi (kutoka ardhini kwenda kwenye satelaiti) ibaki imefungwa, ila kwa siku zinazotangazwa mapema, na muundo wa telemetria uwe wazi kabla ya roketi kuondoka. AMSAT ya Marekani, shirika la wanaredio wa satelaiti, ilifanya hivyo kwa programu ya FoxTelem: yeyote aliyesikiliza aliweza kutuma data kwa intaneti. Satelaiti yake AO-91 ilirushwa 18 Novemba 2017, ikafunguliwa tarehe 23. Siku tano! Sidhani ni bahati tu.

Kwetu hili lina maana ya pekee, kwa kuwa masikio ni machache katikati ya Afrika. Fremu (vifurushi vya data hizo) zilizonaswa Lubumbashi zinaonyesha kipande cha njia ambacho mhandisi aliye Texas hawezi kukisikia. Na fremu hizo ni ndogo, hazili mega nyingi.