Kalasinga wa Aina Gani?

Mzee aliyenifundisha kunyoosha bodi za magari, Kisumu, alikuwa Singasinga ambaye kilemba chake kilikuwa na makali. Sitanii. Kitambaa cheupe chepesi kilichotiwa wanga, kikapangwa tabaka juu ya tabaka mpaka mbele kikatoa ncha ambayo ungedhani imepigwa rula. Jioni alikivua kizima, kama unavyovua kofia, akakiweka juu ya kabati la spana. Asubuhi anakirudisha kichwani, kazi inaanza.

Miaka mingi baadaye ndipo nikaja kujua kwamba mtindo ule una jina lake duniani. Masingasinga wa Uingereza na Kanada wanauita kilemba cha Kenya.

Likizo moja akaja mjukuu wake kutoka Birmingham. Kijana mrefu, ndevu hazijaguswa, kilemba cha mviringo kilichosimama kama mzinga wa nyuki. Siku ya pili alimkuta babu yake akikipandisha kilemba kabatini, yakazuka maneno ya Kipunjabi, ya chini chini lakini ya moto. Kijana alipoondoka, mzee akanitafsiria huku akicheka: "Anasema kilemba kinafumuliwa na kufungwa upya kila asubuhi, na eti mimi nakidharau." Akakitazama kilemba chake. "Hiki kimefanya kazi kuliko yeye."

Mpaka siku ile nilidhani Kalasinga ni Kalasinga. Neno lenyewe linatudanganya. Inasemekana lilitokana na Kala Singh, mmoja wa wafanyabiashara wa mwanzo Nairobi, jina la mtu mmoja likageuka jina la watu wote. Sisi tunaona kilemba na bangili ya chuma, tunamaliza. Wao wenyewe wanaangalia kilemba kimefungwaje na wanajua mwenzao anakula nini, anasali sala zipi na anamtii nani.

Nianze na wanachokubaliana. Mwaka 1699, mjini Anandpur, Punjab, India, Guru Gobind Singh, mwalimu mkuu wao wa kumi, aliunda Khalsa, jumuiya ya walioingizwa rasmi katika imani, na mwenye kunyweshwa amrit, maji matamu ya kuingizwa huko, akapewa alama tano: nywele zisizokatwa, kichana cha mti, bangili ya chuma, upanga mfupi na kaptula. Kuhusu Guru, wengi wao wanashika kwamba tangu 1708 hakuna Guru mwingine ila kitabu, Guru Granth Sahib. Kutoka hapo, njia zinaanza kuachana.

Kijitabu cha maadili kinachotambuliwa rasmi, Sikh Rehat Maryada, kilipitishwa mwaka 1945 na kamati inayosimamia magurdwara, yaani mahekalu yao, ya Punjab. Kamati yenyewe ilizaliwa 1920 katikati ya ugomvi mkali wa kuwanyang'anya mamahanti, watunzaji wa zamani, magurdwara hayo, wengi wao wa utawa wa Udasi, ambao uliyatunza mahekalu hayo katika karne ya 18 wakati watu wa Khalsa wanawindwa misituni. Udasi hana habari na alama tano. Anafuata njia ya Sri Chand, mwana wa Guru Nanak, mwanzilishi wa dini, haoi, na wengine hujipaka majivu. Kwa hiyo kijitabu kile, pamoja na mema yake, ni kazi ya upande ulioshinda. Kukisoma kana kwamba kilishuka Anandpur pamoja na upanga ni kujisahaulisha.

Waulize Nihang. Hawa ndio wale wa mavazi ya buluu, farasi, na vilemba virefu vilivyozungushiwa pete za chuma. Jeshi lao la Budha Dal linahesabu umri wake tangu 1734, na mtu wa namna hiyo huwezi kumpelekea kijitabu cha 1945 ukategemea apige magoti. Pembeni ya Guru Granth Sahib wanafungua pia Dasam Granth, kitabu kinachohusishwa na Guru Gobind Singh. Wanachinja mbuzi kwa pigo moja la upanga na kumla. Wanatwanga bangi na kuinywa kama kinywaji kitakatifu. Mwaka 2001 viongozi wa dini waliipiga marufuku, na mkuu wa Budha Dal akakataa waziwazi. Nakiri kwamba hapa sina msimamo mgumu. Bangi siitetei, lakini naelewa kwa nini askari wa miaka mia tatu hakubali kufundishwa adabu na karani.

Kinachonivutia zaidi kwa Nihang ni lugha. Enzi za kuishi msituni kwa njaa walijitungia msamiati wao, na mpaka leo wanautumia. Dengu za kukaanga wanaziita lozi. Kitunguu ni fedha. Pilipili ni mgomvi. Singh mmoja akija kambini peke yake, wanatangaza kwamba wamefika laki moja na robo. Kanuni ya namna hiyo inakaa mdomoni, na hakuna kamati inayoweza kuipigia kura.

Halafu kuna hawa wa upande wa mjukuu, Akhand Kirtani Jatha, wafuasi wa njia ya Bhai Randhir Singh. Kwao alama ya kwanza kati ya zile tano ni keski, kilemba kidogo cha chini, na si nywele zenyewe, kwa hiyo wanawake wao pia wanafunga vilemba. Nyama hawaigusi kabisa. Kijitabu rasmi kinakataza nyama iliyochinjwa Kiislamu tu (ndugu zangu wa Pwani, mmesoma sawasawa: halali yenu ndiyo haramu yao). Damdami Taksal, kundi jingine lenye chuo chake cha maandiko, nao hawali nyama, lakini wanagombana na Akhand Kirtani juu ya Ragmala, beti za mwisho wa Guru Granth Sahib: Taksal wanazisoma kama sehemu ya maandiko, wale wengine wanaishia kabla yake. Kijitabu rasmi kimewaachia watu wa kila mahali wafuate desturi yao. Tena kinaruhusu wanawake wawe miongoni mwa Watano Wapendwa wanaotoa amrit, ilhali Taksal hawataki kusikia.

Anayeona haya ni mambo ya ajabu akumbuke kwetu mwezi unavyotugawa kila Ramadhani, mtaa mmoja unakula Idi na mtaa wa pili umefunga. Wao pia wana ugomvi wa kalenda. Mwaka 2003 ilipitishwa kalenda mpya ya jua, Nanakshahi, ili sikukuu zisihamehame. Taksal na wenzao wakaipinga, na 2010 ikafanyiwa marekebisho yaliyowaudhi walioipenda.

Msimamo wangu ni huu: chakula, kilemba, Ragmala na kalenda ni mambo ya nyumba moja yenye vyumba vingi, na anayetaka kubomoa kuta ili abaki na ukumbi mmoja atapoteza zaidi ya atakachopata. Suala la Guru aliye hai siliweki kwenye kapu hilo. Wanamdhari, wa mavazi meupe na kilemba kilichonyooka juu ya paji, wanaamini mfululizo wa Maguru haukukatika. Ninawaheshimu sana. Mwaka 1872 Waingereza waliwafunga wafuasi wao zaidi ya sitini midomoni mwa mizinga huko Malerkotla na kuwalipua. Lakini Singasinga akisema hapo imani imegawanyika, simwoni mchokozi. Uchokozi unaanza pale tofauti ya imani inapomalizwa kwa silaha, kama Amritsar tarehe 13 Aprili 1978, ambapo Masingasinga 13 waliokwenda kupinga mkutano wa Wanirankari, kundi jingine lenye Guru aliye hai, walipigwa risasi wakafa. Punjab ilichukua zaidi ya miaka kumi kutulia baada ya hapo.

Nirudi Kisumu. Yule mjukuu alikuwa na sharti jingine ambalo lilinisumbua kuliko kilemba. Alikula chakula kilichopikwa ndani ya chuma tupu, na mpishi awe amenyweshwa amrit. Bibi yake hakuwa amenyweshwa. Mama aliyelisha gereji nzima, Wajaluo, Waluhya na Wahindi, chapati zake hazikumfaa mjukuu wake wa damu. Nilikasirika kwa niaba yake. Naona mpaka leo kwamba kanuni inayokuzuia kula mkononi mwa bibi yako imevuka mpaka, hata kama imeandikwa wapi.

Bibi hakununa. Alikwenda soko la Kibuye akanunua karai ya chuma, akamwekea mjukuu jiko la makaa uani. Jioni ile umeme ulipotea. Nilipita na begi langu nikielekea nyumbani, nikawaona: kijana amechuchumaa anageuza dengu kwa mwiko wa chuma, na bibi amesimama nyuma yake, hagusi kitu, anammulikia tochi.