Nusu ya Kesten

Rafiki yangu mmoja, mhandisi, aliwahi kuniuliza kwa kebehi: hivi inakuwaje mtu anaheshimika dunia nzima kwa kuthibitisha kwamba jibu ni nusu, na wote walishajua ni nusu? Alikuwa anamsema mwanahisabati Harry Kesten. Nilikereka, hasa kwa kuwa siku ile sikuwa na la kumjibu. Leo ninalo, ila ni refu kidogo.

Chora nukta nyingi kwa safu, kama makutano ya karatasi ya grafu. Kwa kila nukta mbili jirani, rusha sarafu. Ikija kichwa, ziunganishe kwa wino. Isipokuja, acha pengo. Ukimaliza, tafuta: ipo njia ya wino itokayo ukingo wa kushoto hadi wa kulia? Sasa ichakachue sarafu ilete kichwa mara 40 kwa 100. Karatasi ikiwa kubwa mno, utapata visiwa vidogo vidogo tu. Ifanye 60, na mtandao mmoja utaenea pote. Katikati hapo pana kizingiti. Ni wapi hasa?

Waliolileta swali hili kwenye hisabati, mwaka 1957, ni Waingereza wawili, Simon Broadbent na John Hammersley. Broadbent alikuwa akishughulika na vinyago vya kuzuia gesi: chembe za kaboni zina vitundu, je, gesi itapenya hadi ndani au itaishia njiani?

Kwamba kizingiti ni nusu, mchoro wenyewe unakunong'oneza. Kila penye pengo, pitisha mstari wa penseli unaolikata. Utaona kwamba ama wino unavuka kushoto kwenda kulia, ama penseli inavuka juu kwenda chini. Haviwezi kuvuka vyote viwili, wala haiwezekani kisivuke hata kimoja. Na mchoro wa penseli ni uleule wa wino uliogeuzwa ubavu, mradi upana uzidi urefu kwa nukta moja. Kwa hiyo sarafu ikiwa ya haki, kila upande una nafasi nusu kwa nusu, barabara. Mimi nilipoliona hili mara ya kwanza nilidhani kazi imekwisha.

Haijaisha. Mwaka 1960 mwanahisabati Ted Harris alithibitisha kwamba kwenye nusu yenyewe, hata karatasi ikiwa haina ukingo, hakuna mtandao usio na mwisho, maana yake kizingiti hakiko chini ya nusu. Lakini nani kasema hakiko juu? Labda ni 0.53. Mwaka 1964 wanafizikia Sykes na Essam walitoa hoja nzuri ya kutetea nusu, hoja iliyoegemea jambo ambalo hawakulithibitisha. Kesten ndiye aliyeufunga mlango huo, mwaka 1980. Miaka 20 kwa nusu moja!

Alizaliwa Duisburg, Ujerumani, mwaka 1931. Familia yake ya Kiyahudi ikakimbilia Uholanzi Wanazi waliposhika madaraka. Alipata udaktari Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mwaka 1958, na ndiko alikofundisha karibu maisha yake yote ya kazi. Kinachonivutia ni alipokodolea macho. Kwenye karatasi kubwa, sarafu ikiwa ya haki, kuna mistari mingi ambayo kila mmoja, peke yake, umeshika hatima: uuondoe na njia inakatika, uurudishe na inaunga. Mingi kiasi kwamba ukiipendelea sarafu hata kwa unywele, wino unashinda karibu kila mara. Hilo halikuwemo kwenye ule mchezo wa wino na penseli. Ulinganifu ulitupa namba. Yeye alitupa sababu.

Na kwa anayedhani "tulishajua" inatosha, amkumbuke mwanafizikia Ernst Ising. Alipewa na mwalimu wake, Wilhelm Lenz, kielelezo cha sumaku. Akakikokotoa kwenye mstari mmoja, akakuta hakigeuki sumaku kwenye joto lolote, kisha akakata shauri kwamba hata kwenye vipimo vitatu, yaani urefu, upana na kimo, ni hivyohivyo. Matokeo yalichapishwa 1925. Mwaka 1936 mwanafizikia Rudolf Peierls akaonyesha kwamba kwenye vipimo viwili tu tayari mambo yanageuka. Hesabu ya Ising ilikuwa sahihi. Kilichomponza ni ile sentensi ya mwisho, aliyoiona iko wazi.

Kwenye gridi ya vipimo vitatu, kizingiti kiko karibu na 0.2488. Je, pale pale kwenye kizingiti, mtandao usio na mwisho upo? Vipimo viwili tunalo jibu: haupo. Vipimo 11 na kuendelea, pia haupo. Mwanahisabati Hugo Duminil-Copin alipata Nishani ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati, mwaka 2022 kwa kazi za aina hii, na bado vipimo vitatu havijafunguka.

Nilimtumia rafiki yangu swali hilo juzi. Alijibu dakika ileile: "Kompyuta zinasema haupo." Ndiyo, najua zinasema hivyo.