Mchwa Walipomkutanisha Baba Mkwe na Mkamwana

Kwetu Unyakyusani, kwa wale wanaoshika mila, mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Si kwamba wana ugomvi. Ni heshima tu, na heshima hiyo ina masharti yake: mkamwana hakai chumba kimoja na baba mkwe, hamkazii macho, na wakikaribia kukutana njiani yeye ndiye hupisha. Vijana wengi siku hizi wameyaacha mambo haya, lakini mzee wangu, ambaye amezeeka akilima chai na migomba kule Rungwe, hajaacha hata nukta moja. Mke wangu naye, ingawa ni Mhehe wa Iringa ambaye angeweza kujitetea kwamba mila si yake, aliipokea kwa bidii iliyowashinda hata shangazi zangu.

Kwa hiyo mzee alipokuja Mbeya kutibiwa macho, nyumba yetu ya Forest ya Zamani iligawanywa mara moja. Sebule ilikuwa ya mzee, korido na jiko vilikuwa vya mama watoto, na mpaka ulikuwa mlango wa mbao ulio katikati. Chai ikiwa tayari, mke wangu aligonga mlango mara mbili kwa kifundo cha kidole. Mimi nikiwa nimekaa vizuri upande wa sebuleni, na mzee akiwa ametazama dirishani, nilijibu kwa kugonga mara mbili. Ndipo yeye alipousukuma mlango kidogo kwa kiuno na kunipitishia sinia. Utaratibu huo ulifanya kazi bila dosari, na ningeweza kuupendekeza kwa familia nyingine.

Nyumba yenyewe ilijengwa kabla ya Uhuru, kwa matofali ya kuchoma, na miimo ya milango yake ilizamishwa chini hadi ikagusa udongo, jambo ambalo mafundi wa leo wakilisikia hushika vichwa. Kila aliyeimiliki aliipaka rangi ya mafuta juu ya rangi ya mwenzake, hivyo kwa macho miimo hiyo ilikuwa imara, inang'aa, na minene kuliko ilivyozaliwa.

Mvua za Novemba zilipoanza, kumbikumbi walitoka. Mzee alifurahi sana, kwa sababu nyuma ya nyumba, chini ya mpera, kuna kichuguu alichokuwa akikilinda tangu tulipohamia. Kila alipotutembelea aliwaonya wajukuu wasikichokoe kwa fimbo, na msimu ukifika alikaa hapo na beseni la maji na taa, akakusanya kitoweo chake. Mke wangu hakuwa na pingamizi juu ya kitoweo. Lililomshtua ni kwamba asubuhi yake alizoa mbawa nyingi kwenye kizingiti cha dirisha la chumbani, dirisha ambalo usiku huo lilikuwa limefungwa. Kumbikumbi anayevutwa na taa huingia kutoka nje. Lakini anayeacha mbawa zake ndani ya chumba kilichofungwa, huenda ametokea humo humo. Nikamwita fundi wa dawa ya mchwa.

Fundi alikuja na ovaroli safi, tochi, bisibisi moja ndefu, na sura ya mtu anayekwenda kumpima mgonjwa wa mwingine. Alimsalimia mzee, «Shikamoo mzee,» mzee akaitika, «Marahaba, mwanangu,» kisha fundi akatoka nje na kuanza kutusomea mashitaka. Bustani ya maua ilikuwa imepandishwa udongo hadi juu ya lipu, hivyo ukuta ulikuwa umezikwa nusu. Mbao za paina nilizonunua Mafinga, ambazo hazikutiwa dawa, zilikuwa zimeegemezwa ukutani. Gata lilikuwa linadondosha maji pale pale kwenye kona, na mchwa, alisema, hapendi chochote kuliko mbao inayokaa karibu na unyevu. Nyuma ya mbao zile tulikuta njia za udongo, nyembamba kama penseli, zikipanda ukutani kuelekea darini.

Akaikwangua moja kwa ncha ya bisibisi. Ndani yake walikuwa wakipita wafanyakazi weupe, laini, wasio na macho, na kati yao askari wenye vichwa vikubwa vya rangi ya kahawia, ambao mara moja walijipanga kwenye tundu na kumtishia fundi. Alitueleza kwamba wafanyakazi hao hukauka haraka wakipigwa na hewa kavu, ndiyo maana hujenga paa la udongo kila waendako. Na kwamba tukikuta kipande hicho kimezibwa upya baada ya siku chache, tusijidanganye kwamba ni njia ya zamani iliyohamwa. Akaongeza kwamba ndugu wa karibu wa mchwa si sisimizi wala siafu, bali mende. Mke wangu, aliyekuwa akisikiliza kutoka dirisha la jikoni, aliguna kwa uchungu. Amepigana na mende miaka yote ya ndoa yetu, na hakutarajia kusikia kwamba ukoo wao mwingine unaishi ukutani.

Tulipoingia sebuleni, fundi aligeuza bisibisi na kuanza kugonga mbao kwa mpini wake, huku ameinamisha sikio. Mbao nzima hulia ko. Iliyoliwa hulia pu. Fremu ya dirisha: ko. Ubao wa chini ya ukuta: ko, ko, pu. Mzee alianza kuufurahia ukaguzi, akawa anatoa hukumu kabla ya fundi, na mara nyingi alipatia. Ndipo fundi akaufikia mlango wa mpaka. Akainama, akagonga mwimo wa kulia mara mbili.

Upande wa pili mke wangu alikuwa amekwisha kupanga vikombe vinne na chupa ya chai kwenye sinia, akijiandaa kugonga. Aliposikia ngo, ngo, alidhani nimetangulia kutoa ishara, nami nikafumbua kinywa kusema «subiri», lakini kiuno kilikuwa tayari kimefika mlangoni.

Mlango haukufunguka. Uliondoka mzima, pamoja na miimo yake yote miwili na kizingiti cha juu, ukainama polepole, fundi akaruka pembeni, na ukalala kifudifudi juu ya zulia kwa kishindo kilichoshusha vumbi kutoka darini. Pale uwazi ulipobaki alisimama mke wangu, ameshika sinia, na moja kwa moja mbele yake, hatua chache tu, alikaa baba mkwe wake akimtazama kwa macho ambayo daktari alikuwa ameyasafisha wiki hiyo hiyo.

Mzee ndiye aliyezinduka kwanza. Alivua kofia akajifunika uso wote. Mke wangu aliinua sinia ili ajifiche, chupa ikateleza, fundi akaidaka hewani kwa ustadi ambao sikuutarajia, lakini vikombe vilikwenda. Kisha alirudi nyuma kinyumenyume, ameinama, hadi jikoni, na hakuna aliyemsikia tena mpaka jioni.

«Mwanangu,» mzee akasema kutoka ndani ya kofia, «mlango umerudi?»

«Bado, baba.»

«Basi weka hata blanketi.»

Nikatundika blanketi. Nilipoinama kuuokota mwimo nilielewa kilichotokea. Niliubonyeza kwa kidole gumba, kidole kikapita. Hakukuwa na mbao. Kulikuwa na ganda la rangi, krimu juu ya kijani juu ya bluu, na ndani yake udongo mkavu uliofuata mistari ya mbao iliyokuwapo. Misumari ya bawaba ilikuwa imeshikilia vumbi. Kwa muda usiojulikana nyumba yetu ilikuwa imetenganishwa kwa heshima na mlango uliosimama kwa nguvu ya rangi peke yake.

Nilimuuliza fundi nani atalipa fremu. Alijibu kwa utulivu kwamba fremu ilikuwa imekwisha kufa zamani. Yeye alichofanya ni kutangaza msiba. Mzee, bado amevaa kofia usoni, aliamua kesi: fundi asidaiwe, kwa kuwa amedaka chupa.

Kesi ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Fundi alitaka kuchimba mtaro mdogo kuzunguka msingi, wa upana wa sentimita 15 hivi na kina cha 30, aumwagie dawa iliyochanganywa na maji, kisha atoboe sakafu kando ya kuta kila baada ya sentimita 30, ajaze dawa na kuziba kwa saruji. Halafu akitie dawa na kichuguu cha mpera, kwa sababu ndiko wanakotoka. Mzee alisema kwamba enzi zake kulikuwa na dieldrini, inayopigwa mara moja tu. Fundi akamjibu kwa adabu kwamba dieldrini imo katika zile sumu 12 za kwanza kupigwa marufuku au kudhibitiwa na Mkataba wa kimataifa wa Stockholm wa mwaka 2001, na kwamba yeye hutumia tu dawa iliyosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya serikali inayosimamia viuatilifu. Nami nikataja oili chafu ya gari, ambayo jirani yangu humwaga kila mwaka. Fundi alitikisa kichwa, akasema inachafua udongo na nguvu yake haidumu.

«Na kumbikumbi?» mzee akauliza.

«Kichuguu kikishatiwa dawa, mzee, wa hapa hawaliwi tena.»

Pakawa na ukimya mrefu chini ya kofia. Hatimaye mzee alitoa hukumu kwamba mchwa ndio waliomvunjia heshima mkamwana wake, kwa hiyo wao ndio watakaolipa faini, na watalipa kwa miili yao: ukuta utiwe dawa hata kesho, lakini kichuguu kisubiri mvua moja zaidi. Fundi alikubali. Mvua ikanyesha, beseni likajaa, mke wangu akawakaanga kwa chumvi na kuwapitisha chini ya blanketi.

Fremu mpya tuliagiza ya chuma, kwa fundi wa kuchomelea wa Mwanjelwa. Mke wangu alitoa sharti moja tu: mlango uwe na kidirisha kwa chini kidogo ya kifua, chenye kifuniko cha kuteleza, kinachotosha sinia. Fundi alikuja kupima, akamwona mzee ameketi upande mmoja, akasikia sauti ya mama watoto kutoka upande wa pili ikieleza urefu wa kidirisha, akaandika vipimo vyote, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama hapa ndani tunafungua duka la jumla au la rejareja.