Lipidi za utando si ukuta tu
Kuna mwandishi anayedai kuwa protini huingia kwenye kloroplasti (sehemu ya seli ya mmea inayotengeneza chakula kwa mwanga) kwa nguvu ya TOC na TIC peke yake, yaani milango ya protini iliyo kwenye utando wa nje na wa ndani, na kwamba lipidi (mafuta) za utando ni ukuta tu. Hapo sikubaliani naye. Utando wa nje una galaktolipidi, yaani lipidi zenye sukari ya galaktosi, na kile kipande cha mbele cha protini (anwani yake, tuseme) hujishikiza kwenye lipidi hizo na kubadili umbo. Tena Arabidopsis (mmea mdogo wa maabara) yenye jeni mbovu ya DGD1 hukosa zaidi ya asilimia 90 ya lipidi yenye galaktosi mbili, na kloroplasti zake huingiza protini kwa kusuasua. Arabidopsis nyingine, iliyopungukiwa lipidi ya galaktosi moja, huingiza vizuri, lakini imepoteza chini ya nusu tu ya lipidi hiyo, kwa hiyo ulinganisho wenyewe unapwaya. Ingepoteza yote je, mnaonaje?