Kiondo chako cha kwanza si cha kuuza

Mtu akianza kusuka au kufuma kitu nyumbani hapa Nairobi, swali la kwanza analoulizwa ni "Hii unauza pesa ngapi?" Nimelisikia likiulizwa msichana aliyekuwa bado anajifunza kushika sindano ya kroshia, na waliomuuliza ni watu wanaompenda. Naelewa linakotoka. Kodi ya nyumba hailali, unga unapanda bei, na mji huu umetuzoesha kukipima kila kipaji kwa shilingi. Lakini linaua kazi nyingi za mikono zikiwa changa, na ningeomba tuache kuwauliza wanaoanza.

Anayeanza akiwa na mteja kichwani huogopa kuharibu, na kazi ya mikono haijifunzwi bila kuharibu. Hukimbilia kinachouzika, akaacha kile ambacho kingemfundisha. Wengine hukopa pesa za vifaa kabla hawajajua kama kazi yenyewe wanaipenda. Kisha wanapeleka sokoni kitu ambacho kinawekwa karibu na kazi ya mama aliyeshika mkonge tangu utotoni, wanavunjika moyo, na vifaa vinaishia chini ya kitanda.

Chukua kiondo, kikapu cha kusukwa kwa nyuzi za mkonge. Ukikiona kimetundikwa Maasai Market, soko la kazi za mikono hapa Nairobi, unaona mkoba. Ukikianza mwenyewe ndipo unaona kazi. Kinaanzia kitakoni, katikati kabisa, kwa nyuzi chache zilizopishanishwa. Kutoka hapo nyuzi mbili za kusukia huzunguka pamoja, moja ikipita mbele na nyingine nyuma, zikipishana kila zinapokutana na uzi uliosimama. Kitako kikipanuka, unaongeza nyuzi za kusimama. Ukichelewa kuongeza, kinaanza kujikunja kuelekea juu kabla hujataka. Ukizidisha, pembeni panalegea na kufanya mawimbi. Macho peke yake hayawezi kukuambia ni wakati gani wa kuongeza. Vidole ndivyo vinavyojua, na vidole vinafundishwa polepole.

Mimi nilikaa na jirani yangu, mama wa kutoka Mwala kule Machakos, ambaye husokota uzi wa mkonge juu ya paja lake huku akiongea nawe bila hata kuutazama. Nilipomuuliza, "Mama, mbona wangu unakazana hivi?" alinishika kifundo cha mkono akakitikisa kidogo. "Legeza mkono, mwanangu. Uzi hautoroki." Video za intaneti ni nzuri na nazitazama, lakini hakuna video inayoweza kukushika mkono. Ukiwa Umoja, Kayole au Kawangware, uliza kwenye ploti yenu. Ni nadra kumkosa mama au shosho anayejua kusuka, kufuma au kudarizi, na wengi wao hawajaulizwa na kijana yeyote kwa miaka.

Kuna wanaosema kazi hizi ni za jadi, za watu wa kijijini, na kwamba mtoto wa mjini anaziigiza tu. Sikubali. Zamani nyuzi za kiondo zilitoka kwenye magome ya vichaka na ya mbuyu. Mkonge ni mgeni: mmea wenyewe asili yake ni Meksiko, na uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo kutoka Ujerumani, ukaenea hadi kwetu. Kwa hiyo kuna mama fulani, hatumjui jina, aliyeushika mkonge kwa mara ya kwanza akaujaribu bila kuwa na wa kumwonyesha. Shanga za Wamaasai nazo ni hivyo hivyo. Kabla ya shanga za kioo walitumia mbegu, udongo na mifupa, na hadi leo sehemu kubwa ya shanga nzuri za kioo zinazotumika huku hutoka Jamhuri ya Cheki. Watu wa kwanza kuzitunga walikuwa wanafunzi, wala hakuna aliyewaambia si zao.

Sasa, vifaa. Usinunue vingi. Mkonge na nyuzi zilizotiwa rangi utazipata soko la Kariokor, na hapo hapo pana mafundi wa ngozi wanaoweka mikanda kwenye vyondo. Ukianza na kitako kidogo tu, cha kuwekea kikombe cha chai, fungu dogo litakutosha.

Kwa kroshia nina ushauri ambao ningependa kila mtu aujue: nenda Gikomba ukatafute sweta la mtumba. Usitazame mtindo. Ligeuze ndani nje, uangalie mshono wa ubavuni. Ukiona kitambaa kilikatwa kwa mkasi kisha kikapigwa ovaloki, liache, maana ukilifumua utapata vipande vifupi vya uzi visivyofaa kitu. Tafuta lile ambalo kila kipande kilifumwa kwa umbo lake, na ukingo wake haukukatwa. Hilo linafumuka kwa uzi mmoja mrefu. Zungushia uzi mgongoni mwa kiti, ufunge fundo sehemu mbili tatu, uloweke, kisha uutundike ukauke. Ile mikunjo yote inanyooka. Chagua rangi nyepesi, kwa sababu kwenye nyeusi mwanafunzi haoni tundu la kuingizia sindano, na anza na sindano ya milimita 4 au 5. Hesabu matundu yako kila mwisho wa mstari. Kazi ya mwanafunzi ikianza kupungua upana, mara nyingi ni lile tundu la mwisho kabisa linalorukwa.

Vipande vya kitenge ni rahisi zaidi. Fundi wa nguo mtaani kwenu ana mfuko mzima wa mabaki chini ya cherehani, na ukimwomba kwa adabu atakupa.

Nitasema pia kile ambacho singemshauri anayeanza: kutengeneza sabuni kwenye chumba kimoja chenye watoto. Naona vijana wengi wanavutwa nayo. Magadi makali yanayotumika, yaani kostiki soda, yanaunguza ngozi na macho, yanataka glavu, miwani na hewa ya kutosha, na kuna kanuni isiyovunjwa: magadi ndiyo hutiwa ndani ya maji, kamwe si maji juu ya magadi. Anayekaa bedsita bila dirisha la maana aisubirie nyumba kubwa zaidi. Mkonge na kroshia havina hatari hiyo, havipigi kelele za kumleta keyateka, msimamizi wa ploti, mlangoni, na stima ikipotea ukiwa na mshumaa au taa ya simu kazi inaendelea. Kuna akina mama Wakamba wanaosuka wakitembea njiani. Wewe una foleni ya magari ya Jogoo Road jioni nzima.

Na wazazi wenzangu, hasa tulio na watoto kwenye mtaala wa umilisi (CBC): mwalimu akimtuma mtoto nyumbani atengeneze mwanasesere au mkeka, tafadhali tusikimbilie duka la vifaa vya shule kununua kilicho tayari. Najua tunachoka. Najua kazi yenyewe huja Jumapili saa mbili usiku. Lakini ile nusu saa ambayo mtoto anakuona na wewe hujui, unajaribu, unafumua na kuanza upya, nusu saa hiyo haiuzwi dukani. Mwanangu alikaa kimya akinitazama nikisuka ukingo wa mkeka, kisha akasema, "Niachie mimi hapo." Alama aliyopata sikumbuki.

Nirudi kwenye pesa, kwa sababu sidharau pesa. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 28, 2017, mtu anayebeba kiondo kwenda sokoni si kioja tena, na kazi nzuri ina wanunuzi. Ukifika hapo, uza. Ila piga hesabu kamili: uzi, rangi, mkanda wa ngozi, malipo ya fundi wa Kariokor, nauli ya kwenda na kurudi, halafu saa zako zote, ukizilipia angalau vile ungemlipa mtu wa kukufulia nguo. Bei itakayotoka itakushtua. Ndiyo bei ya haki, na ndiyo anayostahili yule mama wa Machakos au Kitui ambaye sote tumezoea kumwambia apunguze, tena apunguze. Mimi siku hizi nikiwa Maasai Market naigeuza kazi, natazama kitako, nahesabu mizunguko ya sentimita chache za kwanza, kisha nalipa alichotaja.