Mchimbaji wa mgao akifukiwa, nani anailipa familia yake?

Januari 13, 2024, machimbo ya dhahabu ya Ng'alita wilayani Bariadi yaliporomoka na kuua zaidi ya watu 20. Uongozi wa wilaya ulisema eneo lilikuwa limezuiwa kwa sababu ya mvua, na kwamba waliofukiwa walikuwa vijana wa miaka 24 hadi 38. Kama ilivyo kila yanapotokea maafa ya namna hii, watu walianza kubishana kama wachimbaji wadogo wafungiwe au waachwe. Mimi nadhani kuna swali zito zaidi ambalo halipewi nafasi: wajane na watoto wa vijana wale wamdai nani?

Kwa mgodi mkubwa jibu linajulikana. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha mfuko, WCF, ulioanza kazi Julai 2015. Mwajiri anachangia, siku hizi asilimia 0.5 ya mishahara, na mfanyakazi akiumia mfuko unagharamia matibabu na fidia ya ulemavu. Akifariki, wategemezi wanapata pensheni.

Kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, hakuna mshahara. Mwenye leseni anatoa eneo. Mwenye duara anatoa chakula, pampu, baruti na matimba ya kuzuia kuta zisidondoke. Wachimbaji wanatoa nguvu zao. Mawe yakipatikana yanagawanywa kwa mifuko, kila mtu anapeleka yake karashani, kwenye mashine ya kusaga mawe. Sasa asilimia 0.5 ya mshahara ambao haupo ni shilingi ngapi?

Wenye maduara wana hoja, na haifai kuibeza. Mtu amewalisha vijana miezi kadhaa wakishuka kwenye mwamba mtupu, akauza hata ng'ombe ili pampu isizime, na duara likifa bila kutoa dhahabu hamdai mchimbaji senti. Anasema huu ni ubia: hasara niibebe mimi, mavuno tugawane, halafu ajali nayo iwe yangu peke yangu? Wachimbaji wengi nao hawataki kuajiriwa. Mfuko mmoja wa mawe mazuri unaweza kuzidi mshahara wa miezi mingi, na hilo ndilo linalowashusha chini.

Lakini mbia wa kweli ana sauti kwenye maamuzi. Matimba yakipungua, anayeamua kama kazi isimame au iendelee ni mwenye pesa. Mchimbaji anayesema leo sishuki, ukuta unatoa vumbi na vijiwe vinadondoka, anaweza kupoteza nafasi yake na jasho la miezi yote aliyochimba bila kulipwa. Mgao unaosubiriwa ndio unaomfunga. Sioni jinsi mtu wa hali hiyo anavyoweza kuitwa mbia siku ya ajali tu.

Pendekezo langu ni kukata mchango palepale dhahabu inapouzwa. Tangu 2019 tuna masoko ya madini, na pale mrabaha, yaani malipo ya serikali kwa madini, wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1 hutozwa. Kiasi kidogo cha fidia kingeweza kupita mlango huohuo. Hofu ya wapinzani ninaielewa: mwaka huohuo wa 2019 serikali iliwafutia wachimbaji wadogo VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, kwa sababu makato mengi yalikuwa yanasukuma mali kwenye magendo. Ndiyo maana mchango huu utoke ndani ya kile kinachokatwa sasa, bila kumwongezea muuzaji mzigo. Hazina itapungukiwa kidogo, na naona ni haki ipungukiwe. Wapasua kokoto na wachimba moramu, kama waliofukiwa Moshono, Arusha, mwaka 2013, hawauzi kwenye masoko hayo. Kwao mchango utoke kwenye ushuru ambao halmashauri hutoza malori.

Faida nyingine ya mchango huu ni kwenye vumbi. Vumbi la mwamba haliui kwa siku moja. Mtu anachimba miaka kumi kwenye maduara matano, halafu mapafu yanagoma, na hospitali ya Kibong'oto inawajua vizuri wagonjwa wa aina hiyo kutoka machimbo ya tanzanite ya Mererani. Mwenye duara gani alipe? Mfuko wa pamoja hauhitaji kuuliza.

Ila hakuna fidia bila kujua nani yuko chini. Mwaka 2015 kule Nyangalata, Kahama, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41, wakati matumaini yalikuwa yamekwisha. Kila anayeshuka aandikwe jina na mtegemezi wake, na anayepanda afutwe. Daftari likae kwa mtu asiye na mgao kwenye duara lile, na nakala yake ifike ofisi ya madini kila wiki, kabla mfuko wa kwanza wa mawe haujaenda karashani.