Pepo wa Kilobaiti Nne

Nilitaka kompyuta ya bei ya mkulima. Nikaagiza Z80, chipu inayokuwa ubongo wa kompyuta, iliyoingia sokoni 1976, nikaipa kumbukumbu ya kilobaiti 32, kioo kikawa TV chogo ya mama. Gharama haikufika shilingi 80,000. Pale Uyole nikaanza kutembea kama injinia.

Ikabaki sehemu ya kutunzia programu. Nikaiga kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980, kama ZX Spectrum ya Uingereza: kazi inageuzwa mlio, inarekodiwa kwenye kaseti. Kompyuta huandika kila kitu kwa sifuri na moja; kwa mtindo wangu, sifuri ni mlio wa mitetemo 1,200 kwa sekunde, moja ni 2,400. Kwa watu wa kwaya: moja anaimba oktava juu ya sifuri. Mwendo wa konokono, kilobaiti 4 kwa dakika mbili na nusu.

Sasa kaseti tupu Mbeya ya leo? Mwanjelwa muuza redio aliniuliza kama nimetoka jela jana. Kabatini kwa mama ilikuwepo moja, ya kwaya. Vimeno vyake vya juu vilivunjwa makusudi ili mtu asirekodi juu yake. Nikaziba matundu kwa karatasi. Ndiyo, nilijua ninachofanya. Nikahifadhi humo programu ya kilobaiti 4 ya kuhesabia magunia ya viazi ya mama mwenyewe, nikakirudisha kimkanda kabatini kwa adabu.

Jumapili jumuiya ikaja kusali kwetu. Baridi ya Julai, watu wamejitanda mablanketi, chai mkononi. Mama akaweka kaseti. Wimbo wa kwanza, safi. Wa pili, katikati ya ubeti: piiiiiiii! Halafu krrrchakrrrchakrrr!

Mama mdogo akamwaga chai. Mzee wa kanisa akasimama: "Toka! Toka!" Mama akakimbilia kitufe, nami nikamdaka mkono. Ile ndiyo nakala pekee.

"Mama, usiizime! Iache imalize!"

Chumba kizima kikanigeukia. Kumbe pepo ana mtetezi. Mzee akanishika utosi kwa mikono miwili, akanitikisa, akakemea kwa Kiswahili, kisha kwa Kinyakyusa. Mimi nahesabu sekunde kimoyomoyo. Mia moja arobaini na nane. Arobaini na tisa.

Mlio ukakata. Kwaya ikarudi palepale ilipoachiwa: "...leluya!"

"Ametoka," mzee akasema, akijifuta jasho.

Vigelegele. Mama akamfungia debe mbili za viazi za shukrani, na aliyezibeba hadi kwenye bajaji ni mimi niliyefunguliwa.